Siku nzima kwa baiskeli Kano: Mvua, matope na deni la mbuzi wawili

Kama hujawahi kuendesha baiskeli ndani ya mvua ya Kano, acha nikuonye mapema: matope ya huko hayakuchafui tu, yanakushika. Yanashika tairi, yanashika viatu, na ukiyapa nafasi yatakushika wewe mwenyewe ubaki umesimama katikati ya njia kama mlingoti wa stima, huku watoto wa shule wakikupita peku na kukucheka.

Mimi yalinipata Aprili. Ni kijana wa Umoja, Nairobi. Baiskeli niliyoizoea utotoni ni ile ya kukodi, shilingi tano unazunguka ploti mara moja kisha unampa mwenzako. Kwa hivyo ukiniuliza nilikuwa natafuta nini juu ya Black Mamba, kilomita zaidi ya 60 kwenda na kurudi, msimu wa masika, jibu ni kwamba nilikuwa naenda kumwambia nyanya yangu ukweli, na sikutaka kufika haraka.

Ukweli wenyewe ni huu. Niliacha chuo miaka miwili iliyopita. Karo ilinishinda mwaka wa pili, nikakosa mitihani ya muhula mmoja, nikajiambia nitarudi muhula ujao, na muhula ujao haujafika hadi leo. Wazazi wanajua. Mabeshte wanajua. Wewe sasa unajua. Aliyekuwa hajui ni Dana, mama mzaa baba, anayeishi upande wa Ahero. Dana aliuza mbuzi wawili ili niingie chuo. Kila akipiga simu aliuliza masomo yanaendeleaje, nami nikajibu, "Yako sawa, Dana." Mwezi Machi akapiga akiwa na swali jipya: mahafali yangu ni lini, kwa sababu tayari ameongea na fundi wa nguo.

Nilitaka kusema network ni mbaya, lakini mama alikuwa ananisikia kila neno wazi kabisa.

Kwa nini baiskeli?

Kutoka Kisumu mjini hadi Ahero ni kama kilomita 25 za lami, kwenye barabara kubwa ya kuja Nairobi. Matatu itakufikisha kabla hata hujamaliza kupanga maneno, na hilo ndilo nililokuwa naogopa. Binamu yangu wa Nyalenda, ambaye amebeba abiria kwa baiskeli tangu amalize shule, akanitatulia.

"Omera, twende na baiskeli," akasema. "Kano ni sahani. Hakuna mlima."

Kuhusu sahani alisema kweli. Kisumu iko kama mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, na ukitoka mjini kuelekea Ahero ardhi inabaki pale pale karibu njia nzima. Kushoto kwako, kwa mbali, kuna ukuta wa milima ya Nandi. Kulia, mbali zaidi, kuna nyanda za juu za Nyabondo. Katikati ni bonde lililolala hadi ziwani. Ukiwa juu ya baiskeli unaona mvua ikija kutoka mbali, pazia la kijivu, na unakuwa na muda mrefu wa kuamua utafanya nini.

Na usiidharau baiskeli ya Magharibi. Neno boda boda ambalo leo unalitumia kwa pikipiki lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walipokuwa wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Pikipiki zilikuja baadaye na kulichukua jina.

Niliyopewa mimi ilikuwa Black Mamba halisi: chuma kizito, gia moja, karia nyuma yenye kiti cha sponji, na breki za fito badala ya waya. Shilingi 300 kwa siku. Binamu akakagua cheni, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akafunga pampu kwa mpira kwenye karia yake. Mimi nikafunga simu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, ile ya unga. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukatoka.

Nyamasaria hadi Ahero

Mvua ilianza Nyamasaria, manyunyu tu, yale ambayo unajiambia hayatakulowesha. Baada ya nusu saa ulikuwa unaweza kukamua fulana yangu kama tambara la kupigia deki.

Hapa nilijifunza somo la kwanza: breki ya Black Mamba ikilowa haishiki. Ule mpira unabana ukingo wa gurudumu, na ukingo ukiwa na maji, unabana hewa. Karibu niingie nyuma ya mkokoteni wa miwa. Binamu akanionyesha: shika breki kidogo kidogo mapema ili maji yafutike kwanza, kisha ndipo ubane kweli. Anza kusimama ukiwa bado mbali.

Somo la pili lilitoka kwa malori. Lori likikupita kwenye lami yenye maji, unapata mambo matatu kwa mpigo: upepo unaokusukuma nje, upepo unaokuvuta ndani, halafu ndoo nzima ya maji machafu usoni. Unashika usukani imara, unafunga mdomo, unaangalia mbele. Ukigeuka kuliangalia, baiskeli inageuka nawe.

Tulisimama Rabuor kwenye kibanda cha mabati, chai na mandazi. Ndani kulikuwa na wanaboda kama sita waliokuwa wakisubiri mvua ipungue. Mmoja, mzee kidogo kutushinda, akaniuliza natoka wapi na viatu vyeupe kama hivyo.

"Nairobi."

"Na unaenda wapi?"

"Kwa Dana. Upande wa mashamba ya mpunga."

Akanywa chai yake polepole. "Usiangalie mvua ya hapa," akasema, akanyosha kidole kuelekea Nandi, ambako mbingu zilikuwa nyeusi kama sufuria. "Angalia ile."

Sikumwelewa, na nadhani wewe pia ungekosa. Mto Nyando unatoka huko juu, Nandi na upande wa Kericho, unateremka kwa kasi ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya watu, kisha unafika Kano ambako hakuna mteremko tena. Maji yanakosa pa kukimbilia, yanatandaa. Ndiyo sababu Kano inaweza kufurika siku ambayo Kano yenyewe haikunyesha tone. Mwaka wa 2020 hali ilikuwa mbaya maradufu kwa sababu hata Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Maji yalitoka juu, maji yakapanda kutoka chini, watu wakabaki katikati. Masika ya 2024 watu wakahama tena. Dana amehama mara ambazo ameacha kuhesabu, na kila mara amerudi.

Ahero tulifika saa tatu na kitu. Mvua ilikuwa imetulia, na mama mmoja sokoni alikuwa amesharudisha nyanya zake mezani. Tukala nyoyo, yale mahindi na maharagwe yenu mnayoita githeri, na nikanunua sukari kilo mbili na majani chai. Si unajua huwezi kwenda kwa nyanya mikono mitupu, hasa ukiwa na habari mbaya.

Udongo mweusi

Kutoka Ahero tuliiacha lami. Hapa ndipo utakapopata picha nzuri za simu, nakuambia. Mradi wa umwagiliaji wa Ahero ulianza 1969, na ukiwa kwenye tuta la mfereji unaona viraka vya mpunga kijani kibichi hadi macho yachoke, yangeyange weupe wamesimama ndani kama watu wanaosubiri matatu. Kama umewahi kufika Mwea, hapa kuna tofauti moja kubwa. Mwea maji hushuka yenyewe kutoka mitoni kwa mteremko. Ahero ardhi ni sahani, kwa hivyo maji huvutwa kutoka Nyando kwa pampu za umeme, na umeme unataka pesa. Fikiria mkulima ambaye Januari analipia maji yapande shambani, na Aprili anaomba Mungu maji yale yale yatoke.

Njia ya kwenda kwa Dana ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao jua likiwaka hupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono, na mvua ikinyesha huvimba na kunata kama gundi. Mita mia moja za kwanza nilipiga pedali. Mita mia za pili nilipiga pedali kwa nguvu zote. Halafu gurudumu la mbele likasimama kabisa. Matope yalikuwa yamejaa kati ya tairi na madigadi, yakashikana kama saruji.

Binamu alikuwa na kijiti mfukoni. Alikuwa amekiokota Ahero bila kuniambia ni cha nini. Tukakwangua, tukasukuma hatua ishirini, tukakwangua tena. Mwishowe akainua yake begani, chuma chote kile, akaanza kutembea. Nikamwiga. Viatu vyeupe nilivifunga kamba nikavitundika shingoni.

Kisha tukafika mahali ambapo njia ilikuwa imeingia majini. Hayakuwa mengi kwa macho, labda mapana kama barabara mbili za Jogoo, rangi ya chai ya maziwa, yakitembea kutoka kushoto kwenda kulia. Ng'ambo ningeweza kuona mwembe wa nyumbani kwa Dana. Nikasema tuvuke. Kijana mmoja aliyekuwa na jembe begani akatuambia tungoje. Akachovya mpini pale pembeni, ukaingia hadi nusu. Pale palikuwa na mtaro, na mtaro huo mimi nilikuwa nimeupangia mguu wangu.

Maji yanayokimbia yakikufika magotini tu yanaweza kukuangusha, na maji ya rangi ile hayakuonyeshi chini kuna nini. Tukafuata tuta la mfereji, tukazunguka karibu saa nzima kufika mahali tulipokuwa tukipaona kwa macho. Hapo nilikuwa nimeloa, nina njaa, nina bega linalouma, na ile hotuba niliyoipanga tangu Kisumu ilikuwa imepotea yote. Nilikuwa nimebaki na sukari tu.

Jembe na maneno

Dana alikuwa nje. Maji yalikuwa yamefika nyuma ya ghala la mahindi, naye alikuwa amefunga leso kiunoni, akichimba mfereji wa kuyaelekeza kwingine. Aliponiona akacheka mpaka akashikilia mpini.

"Nyakwara! Umekuja na hiyo?"

"Ndiyo, Dana."

"Basi weka chini. Shika jembe."

Hakukuwa na salamu ndefu. Binamu alichukua sepetu, mimi nikachukua jembe, Dana akawa anatuonyesha maji yanataka kupita wapi. Mvua ikarudi, ya kweli sasa. Tulichimba kama nusu saa. Na sijui kwa nini, labda kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na sikuhitaji kumwangalia machoni, nikasema.

"Dana, hakuna mahafali."

"Wameahirisha?"

"Hapana. Niliacha chuo. Ni miaka miwili sasa. Karo iliisha."

Binamu akajifanya hasikii, akasogea mbali na sepetu yake. Dana hakuacha kazi. Aliinua bonge la udongo kwa mikono, akaliweka pembeni, akalipigapiga likae.

"Miaka miwili," akasema, "nakuombea mtihani."

Nimeandika mengi mtandaoni, na nimetukanwa na watu nisiowajua kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha. Hakuna lililowahi kuniingia kama hilo. Nikasema samahani. Nikarudia. Akaniacha niseme mpaka nikamaliza.

"Na mbuzi wangu?"

Sikuwa na jibu.

"Unafanya nini Nairobi?"

"Naandika, Dana. Kwenye intaneti."

"Wanakulipa?"

"Wakati mwingine."

Akasimama wima, akajifuta uso kwa upande wa mkono. "Basi utanirudishia mbuzi wangu wawili. Cheti sikitaki tena, sina mahali pa kukitundika. Nataka mbuzi. Na wa kwanza awe jike." Akainama tena kwenye mfereji. "Fundi wa nguo nitamwambia ni ya Krismasi. Chimba, maji yanakuja."

Tulimaliza, maji yakageuka, ghala likabaki salama. Akatupikia ugali na omena, akanivalisha koti la marehemu babu wakati fulana yangu ikikauka juu ya moshi. Hakulizungumzia tena. Lakini nilipomwaga sukari kwenye chai aliniangalia akasema, "Hiyo pia ya mkopo?" Binamu alicheka hadi chai ikampalia.

Upepo wa ziwa

Tulipaswa kuondoka mapema na hatukuondoka mapema. Saa tisa ndipo tulikuwa tena kwenye lami Ahero, na hapo nikagundua kwamba sahani pia ina mlima wake. Unaitwa upepo.

Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, hewa huanza kuvuma kutoka majini kuja bara. Asubuhi hatukuusikia. Jioni, ukirudi Kisumu, unakuja nao uso kwa uso. Na upepo una hesabu yake mbaya: kasi ya hewa inayokupiga ikiwa maradufu, nguvu ya kukuzuia huongezeka mara nne. Ndiyo maana kupiga pedali kwa hasira hakukusaidii. Binamu akaniweka nyuma yake, karibu kabisa, akawa ananikingia. Baada ya muda tukabadilishana. Ukikaa nyuma ya mtu mgongo ukiwa umeinama, unasikia kabisa jinsi kazi inavyopungua, ni kama mtu amefunga dirisha.

Kisha radi. Kando ya ziwa hili radi ni za kawaida, na jioni ndiyo saa yake. Kwenye tambarare, wewe uliye juu ya baiskeli unaweza kuwa kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Mimi nilikuwa nimeshaona mti mzuri wa kujikinga. Binamu akanipigia kelele niachane nao, mti uliosimama peke yake ndio wa kwanza kupigwa. Tukakimbilia kwenye nyumba ya kinu cha posho karibu na Rabuor, tukakaa juu ya magunia pamoja na akina mama watatu na mbuzi mmoja. Nilimwangalia sana yule mbuzi. Nikauliza bei ya mbuzi siku hizi. Mama mmoja akanitajia, nikanyamaza.

Nyalenda tuliingia saa moja na nusu usiku, bila taa, jambo ambalo sikushauri ulifanye. Siku iliyofuata sikuweza kukaa kwenye kiti kigumu.

Ukitaka kujaribu

Ukienda Kano kwa baiskeli msimu wa mvua, toka alfajiri na uwe umegeuza kabla ya saa nane mchana, maana mvua kubwa na radi hupenda jioni. Asubuhi uliza watu wanaotoka upande unaoenda, usiulize anga. Beba kijiti cha kukwangulia matope, tyubu ya akiba, pampu na taa ya nyuma. Simu ifunge plastiki mara mbili. Pesa kidogo za sarafu zitakufaa kwa fundi wa kando ya barabara, ambaye ataziba pancha yako haraka kuliko wewe utakavyotoa gurudumu. Viatu, vaa vile ambavyo huvipendi. Ukipaka cheni mafuta kabla ya kutoka, ikaushe na uipake tena ukirudi, la sivyo asubuhi utaikuta na kutu.

Kwenye maji yanayotembea, usivuke. Hata kama mwembe wa nyanya yako unauona.

Kuhusu lile lingine, sina ushauri wa kukupa. Najua tuko wengi. Kuna mtu kijijini anayejua kwamba unasoma, au unafanya kazi ofisini, na kila Jumapili unamwambia yako sawa. Kwangu ilichukua kilomita thelathini na jembe. Mwingine labda ni simu ya dakika mbili.

Kufikia ninapoandika haya nimelipa mbuzi mmoja. Jike, mweusi, ana doa jeupe mgongoni. Dana alimkagua meno kwanza, ndipo akampokea. Bado mmoja.